Farasi Mmoja Alisimama

Ujumbe ulinikuta nikichambua sukuma wiki mlangoni pa jikoni. Uliandikwa katika lile kundi letu la simu la askari wastaafu na walioacha kazi: Sajenti Lokwang ametuacha leo asubuhi, mazishi ni Jumamosi, Isiolo. Nilikaa nikamlilia kidogo, kwa maana alinifunza kila ninachojua kuhusu farasi na hakuwahi kunidanganya. Nilikuwa bado nafuta macho wakati ujumbe wa pili ulipoingia, wa Wafula: “Mimi nitakuja. Kanana, wewe utakuja?” Niliilaza simu kifudifudi juu ya mboga. Lazima niseme ukweli wangu mapema, maana nimechelewa vya kutosha: sikuogopa mazishi, nilimwogopa Wafula. Kila Krismasi, kwa miaka kumi na sita, amenipigia asubuhi kabla sijaenda kanisani. Huniuliza habari ya afya, habari ya mvua, kisha hunyamaza. Ule unyamavu nimekuwa nikiujaza kwa habari za mahindi na ndama na arusi za watu asiowajua, mpaka anasema, “Haya, Mungu akubariki,” na kukata.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na minne, konstebo, mmoja wa wapanda farasi wanane wa kikosi cha maonyesho. Tuliletwa Isiolo mwezi wa Januari pamoja na farasi wetu, waliotoka nyanda za juu, kwenye baridi na majani mabichi. Kazi yetu ilielezwa kwa neno moja tu, urafiki. Upande wa Kipsing watu walikuwa wakigombania malisho na maji, na wakubwa waliona ni heri wenyeji wawaone askari wanaocheza na farasi, si wale wa kuuliza vitambulisho tu. Siku ya kwanza tulipopita mtaa wa Bulla Pesa kwa mistari miwili, vifua mbele, tukidhani tunapendeza, mazungumzo yalikatika dukani na vibarazani. Mama mmoja mwenye kilemba kikubwa alimfungua mbuzi wake aliyekuwa amefungwa kwenye nguzo, akamwingiza ndani ya nyumba, akafunga mlango. Nilicheka. Sikujua bado kwamba katika mji ule hofu yangu ndiyo ingekuwa changa kuliko zote.

Chumba changu kilipakana na ofisi ya sajenti, mabati tupu katikati, na mabati hayana siri. Nilikuwa na kitanda cha chuma, ndoo mbili, kioo kidogo na msumari wa kutundika koti. Mchana joto lilinitoa nje. Asubuhi niliamshwa na sajenti akikohoa upande wa pili. Alikuwa Mturkana mrefu, mkimya, ambaye kichwani alibeba orodha ya vitu vyote vinavyoweza kumshtua farasi. Kila siku tulianza na orodha hiyo kabla ya gwaride. Ngoma. Filimbi. Mwavuli unaofunguliwa ghafla. Mfuko wa plastiki unaopeperuka. Moto. Mwishoni bunduki, risasi hewani, kwanza mbali halafu karibu, mpaka farasi akawa anatafuna tu kana kwamba hajasikia kitu. “Farasi hana siri,” alituambia. “Kitu anaogopa atakuonyesha. Binadamu ndiye anaficha.”

Ndiyo sababu tulikuwa na ile chai. Saa kumi jioni, kabla ya yeyote kuvua viatu, tulikaa kwenye benchi mbili nje ya mabanda ya farasi na vikombe vya bati. Sajenti aliita jina la farasi, si la mtu, na mpandaji wake alisema farasi huyo ameshtushwa na nini siku hiyo. Kesho yake kitu hicho kililetwa kambini na farasi wote wanane wakafundishwa kukizoea, kwa sababu kwenye gwaride mmoja akishtuka wote wanashtuka. Hakuna aliyechekwa wala kuadhibiwa kwa kusema. Wafula, aliyepanda jike jekundu aitwaye Zawadi, aliipenda chai hiyo kama mchezo. “Zawadi ameogopa kofia ya padri, afande.” “Zawadi ameogopa kivuli chake, afande, na mimi pia, nimenona.” Kesho yake kweli sajenti angetafuta kofia ya padri. Wafula alikuwa jirani yangu kwenye mstari, goti lake likigusana na langu katika zoezi tuliloliita kusuka, ambapo safu mbili za farasi wanne zinapishana katikati ya uwanja kwa kasi, kila farasi akipita kwenye pengo la wenzake. Zoezi hilo ukiwa na shaka na jirani yako huliwezi. Mimi sikuwa na shaka na Wafula hata siku moja.

Mwezi wa Februari nilisikia kupitia mabati sauti ya inspekta aliyetusimamia. Alisema mpandaji atakayetoka peke yake na farasi wa serikali, au kumpoteza kwa uzembe, asiandikiwe barua ya onyo wala nini. “Mpeleke Kipsing akalinde kisima.” Mwezi uliotangulia askari mmoja wa rika langu alikuwa amerudishwa kutoka huko ndani ya blanketi. Nilikuwa nimeshika mlango wa nyuma wa lori lililomleta tukimteremsha, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kamba vizuri kabisa, mafundo mawili, kama mtu aliyejiandaa kwa safari ndefu. Tangu siku hiyo neno Kipsing likitajwa nilihisi mkojo.

Na bado mwezi wa Machi nilitoka peke yangu. Ujana ni kichaa kifupi. Ilikuwa Jumapili, wenzangu wamelala, na farasi wangu, Bahasha, niliyempa jina hilo kwa alama nyeupe ya mraba kwenye paji lake, alikuwa anataka kukimbia. Nilisema nitamzungusha hadi nyuma ya kijiji cha Chechelesi na kurudi. Kwenye bonde la mchanga upepo ulitugeukia, na kabla sijaona chochote nilihisi mwili wake wote ukikaza chini yangu. Kisha wakatokea kwenye vichaka, ngamia kama ishirini, wakitembea taratibu bila kumjali mtu. Bahasha, aliyesimama mbele ya bunduki akitafuna, alipanda juu kwa miguu ya nyuma, akageuka, akanitupa kwenye mawe kama gunia. Nilibaki chini nikisikia kwato zikipotea. Sikuwaza mbavu zangu. Niliwaza viatu vile vya mafundo mawili.

Aliyeniinua alikuwa Mama Qabale, Mborana aliyetuletea maziwa ya ngamia kambini kila asubuhi kwa punda wake. Ngamia wale walikuwa wa kaka yake. Alinisimamisha, akanifuta mchanga usoni kwa pembe ya shuka lake, akanipa maziwa kwenye kifuniko cha mtungi. Yalikuwa na ladha ya moshi. Bahasha alikuwa amesimama mbali chini ya mgunga, hatamu zikiburuta, akitetemeka.

“Hii farasi yako haiogopi gaala kwa macho,” alisema Mama Qabale. Gaala ni ngamia kwao. “Inaogopa na pua. Umeona? Ilianza kabla haijaona. Farasi ya baba yangu pia ilikuwa hivyo ikiwa ndogo. Lazima ilale na hiyo harufu.”

“Mama, tafadhali usiseme kambini.”

“Mimi nauza maziwa, msichana yangu. Siuzi maneno.”

Jioni hiyo nilikaa kwenye benchi nikipumua kwa upande mmoja wa kifua. Nilikuwa nimesema niliteleza bafuni. Sajenti aliita majina mmoja mmoja, kama kawaida. Alipofika kwa Bahasha nilifungua mdomo na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, “Hakuna, afande.” Aliniangalia kidogo zaidi ya kawaida, kisha akaita jina lililofuata. Chai yangu ilipoa nikaimwaga nyuma ya benchi.

Hapo ndipo hofu ilipohamia kwangu na kufanya nyumba. Asubuhi nikimtandika Bahasha vidole vilikataa kufunga mkanda. Karibu kila usiku wa tatu niliota nimeanguka katikati ya kusuka na safu ile nyingine inakuja. Mchana nilichekesha watu kuliko kawaida ili wasinione. Mama Qabale, aliyeona kila kitu kwa sababu hakuna anayemtazama muuza maziwa, aliniletea kipande cha mkeka mkuukuu, ule unaowekwa mgongoni mwa ngamia chini ya mzigo, umekolea jasho la miaka. Nilikificha ndani ya nyasi kwenye hori la Bahasha. Siku mbili hakula. Siku ya tatu alikula kwa kunyoosha shingo, akipuliza pua. Kufikia mwezi wa Mei alikuwa analala na pua juu yake, nami nikakata ukanda nikaushonea chini ya blanketi la tandiko. Mwezi wa Juni nilimpitisha makusudi karibu na boma la kaka yake Mama Qabale, safari hii pamoja na Wafula aliyekuwa mbele sana, upande ambao upepo haukupeleka harufu, na Bahasha alitikisa masikio tu. Nililia kwa furaha nikisingizia vumbi.

“Na wale wengine?” Mama Qabale aliniuliza siku hiyo akinipimia maziwa.

“Watazoea tu.”

“Mkeka ninao mingine. Nilete?”

“Baadaye, mama.”

Akanitazama. Ndipo aliponiambia kwamba mjini kwao wazee bado wana msemo wao wa tangu enzi askari walipochukua wanyama kwa nguvu: ikikuja farasi na kofia, mifugo inaenda. “Sasa watu wanaanza kusema hawa wa sasa ni wazuri, wanacheza tu. Watoto wanaiga nyinyi na fimbo. Usiharibu hiyo, Kanana.” Aliuliza tena, “Nilete?” Nikasema baadaye. Ningeileta mikeka saba kambini, sajenti angeuliza ni ya nini, na jibu la swali hilo lilikuwa Jumapili ya Machi, na Jumapili ya Machi ilikuwa Kipsing. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo mara mia, na kila mara jibu lilitoka lilelile, kwa sababu kila mara niliipiga nikijihesabu mimi peke yangu.

Wafula aliinusa ile harufu. Ningeshangaa kama asingeinusa, goti kwa goti kila siku. “Kanana, huyu farasi wako ananuka boma. Umepata mchumba wa ngamia nini? Tuambie tuanze kuchanga.” Wenzetu walicheka, nami nikacheka zaidi yao.

Onyesho kubwa lilipangwa mwezi wa Agosti, kwenye uwanja wa wazi, watu wote wakaribishwe. Siku tatu kabla nilikuwa kitandani mchana nikijipepea na kifuniko cha sufuria niliposikia inspekta akisema wazee wameomba kuleta ngamia wao waliopambwa, wapite uwanjani baada ya farasi, iwe heshima kwa pande zote mbili. Kisha sajenti akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, “Farasi wetu na ngamia, sijui.”

“Wamekaa hapa tangu Januari,” inspekta alisema. “Kama kuna shida ungesikia.”

“Ni kweli. Kwenye chai hakuna mtu amesema.”

Niliuma shuka. Ukimya wangu ulikuwa umegeuka ushahidi, na mzee yule mwangalifu, ambaye asingeamini neno la inspekta peke yake, aliuamini ukimya wangu kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha kusema. Jioni tatu zilibaki, na jioni zote tatu nilikwenda kwenye benchi nikiwa nimejifunza maneno bafuni: Bahasha aliogopa ngamia, afande. Maneno manne. Jioni ya kwanza inspekta alikuwepo. Ya pili niliambiwa askari mwingine karudi kutoka Kipsing na jeraha la bega. Ya tatu sikuwa na sababu yoyote, niliogopa tu, na nikasema, “Hakuna, afande.”

Siku yenyewe ilikuwa na upepo. Watoto walikaa chini mbele, wengi wao, magoti yamebanwa, na nyuma yao kinamama waliovaa rangi zote, wazee kwenye viti vya plastiki, vijana juu ya ukuta na miraa mashavuni. Nilimwona yule mama wa Bulla Pesa aliyemficha mbuzi. Nilimjua kwa kilemba. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, ametulia. Tulifanya zoezi la mkuki, tukafanya la moto, watu wakapiga makofi na vigelegele. Tukajipanga kwa kusuka. Kati yetu kulikuwa na sheria moja: mpandaji yeyote akiona hatari anainua mkono wa kulia, na wote wanasimama, hata kama mgeni wa heshima anatazama. Tulisuka mara ya kwanza. Nilipogeuza Bahasha mwisho wa uwanja niliona nyuma ya hema la wageni, juu ya vichwa vya watu, shingo za ngamia. Wenye ngamia walikuwa wamechoka kungoja juani wakaamua kusogea. Kengele zao za mbao zilikuwa zinasikika kidogo. Upepo ulikuwa bado unatoka kwetu kwenda kwao.

Tulisuka mara ya pili. Mkono wangu wa kulia ulikuwa pajani, na naukumbuka ulivyokuwa mzito. Tulisuka mara ya tatu. Mara zote hizo ningeweza. Niliwaza kwamba nikiinua mkono nitaulizwa nimeona nini, na nimejuaje kwamba ni hatari. Nilifikiri pia, Mungu anisamehe, kwamba farasi wangu mimi hatashtuka.

Upepo ukageuka katikati ya mara ya nne. Sikuona kitu, nilisikia tu farasi wote wakivuta pumzi. Halafu mistari ikavunjika. Wanne wakaelekea barabarani, wawili wakaruka kamba iliyozunguka uwanja mahali ambapo, kwa neema tu, vijana walikuwa wamesimama na wakapata kukimbia. Zawadi alirudi nyuma, akasimama kwa miguu miwili upande wangu wa kushoto, karibu hata nikaona weupe wa jicho lake, akaanguka kwa mgongo na Wafula chini yake. Nilisikia mfupa. Watoto walipiga kelele, mama zao wakawakokota, viti vikaanguka, na yule mama mwenye kilemba akapita mbele yangu akikimbia, akanigeuzia uso ambao sijawahi kuusahau. Bahasha alikuwa amesimama. Masikio yamelala nyuma, ngozi inatetemeka, lakini amesimama, katikati ya uwanja mtupu, na mimi juu yake nimenyooka kama picha. Na mtu mmoja kwenye jukwaa akaanza kunipigia makofi.

Nilipewa cheti. Kimeandikwa ujasiri. Sajenti alinipa mkono, na mkono wake ulikuwa umelegea. Mwezi huohuo aliomba asifundishe tena, akisema orodha yake ilikuwa na tundu. Kikosi kilirudishwa nyanda za juu. Wafula alilazwa miezi mitano, nyonga na paja, akatoka na mguu mmoja mfupi na barua ya kuachishwa kazi kwa afya. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mama Qabale alikuja kambini asubuhi iliyofuata kama kawaida, akampimia kila mtu maziwa. Alipofika kwangu alifunga mtungi. “Nilikuuliza mara mbili,” alisema, akamgeuza punda.

Jumamosi nilikwenda. Mvua ilikuwa imenyesha Isiolo usiku kucha, na kaburi la Sajenti Lokwang lilichimbwa juu ya kiinuko, chini kukiwa na mahema na sufuria za chakula. Nilisimama nyuma. Wafula alikuwa mbele, amenenepa kweli sasa, kichwa kimeingia mvi, fimbo mkononi. Watu walipoanza kuteremka kwenda kula alibaki mahali pake, akangoja, mpaka tukabaki wawili na wale waliokuwa wanasawazisha udongo. Miguu yangu ilitaka kukimbia. Kwa kweli niliwaza kukimbia.

“Kanana.”

“Wafula. Habari ya siku nyingi.”

“Si nyingi. Tuliongea Krismasi.” Alitazama kaburi. “Unajua huwa nakupigia ya nini?”

“Kunisalimia.”

“Kwetu mama watoto ndiye wa kusalimia watu. Mimi nilikuwa nakupea nafasi.” Alihamisha fimbo mkono mwingine. “Pale hospitali, kitanda cha kando yangu kulikuwa na mzee mmoja Mborana. Mke wake akamletea maziwa. Akainama hapa, karibu na kichwa yangu, na shuka yake, nikasikia harufu. Nikasema, hii ni Bahasha, ndio maana yeye alisimama. Nikalala hapo siku nzima nikiangalia dari.”

Nilimgeukia. “Kwa nini hukumwambia afande?”

“Haikuwa yangu ya kusema. Chai kila mtu alisemea farasi yake.”

Wale wa udongo waliweka majembe chini. Nilisimama wima, visigino pamoja, sijui kwa nini, na nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwao: “Bahasha aliogopa ngamia, afande. Mwezi wa tatu. Nilijua, na sikusema.” Wafula aliitikia kwa kichwa pole pole, kama sajenti alivyokuwa akifanya kabla ya kuita jina linalofuata. Nilingoja. Nilikuwa nimengoja kitu hicho miaka kumi na sita na nilikuwa bado naogopa.

“Sijakusamehe,” alisema.

“Najua.”

“Lakini nishike mkono. Hapa kunateleza, na huu mguu hauna breki.”

Nilimshika. Alinilalia na uzito wake wote, nami nikapunguza hatua zangu zilingane na zake, tukateremka.